Jicho ndilo bovu, mbona wanataka maji ya mgongo?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mke wangu ana miaka 31. Jicho lake la kulia lilianza kuuma kila akiligeuza, na ndani ya siku nne likawa kama limetandwa na moshi. Leso nyekundu akiitazama kwa jicho hilo anaiona imepauka. Daktari wa macho amesema neva ya jicho imevimba, na MRI ya kichwa imeonyesha madoa meupe mawili kwenye ubongo. Sasa wanataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Daktari mwingine anasema damu inatosha. Mama yangu amekataa kabisa. Anasema kijijini aliyetolewa maji hayo hakuamka tena. Tumsikilize nani? Baba Neema, Umoja, Nairobi.

JIBU: Baba Neema, poleni, na umfikishie mama Neema pole zangu. Nianze na mama yako, maana asiporidhika hamtafika hata mlangoni.

Mama hajasema uongo. Kwa miaka mingi waliotolewa maji hayo hospitalini walikuwa hasa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, wengine wakifikishwa hapo tayari hawajitambui. Wakifariki, lawama zinaiangukia sindano. Mwambie hivi: kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini zaidi, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna nyuzi za neva tu zinazoelea kwenye maji. Huchotwa kiasi cha mililita 10 hivi. Mwili una takriban mililita 150 za maji hayo na hutengeneza karibu 500 kwa siku, kwa hiyo kilichotoka hurudi upesi.

Kinachosumbua wengi ni kichwa, kinachogonga mtu akiketi au akisimama na kutulia akilala. Sindano yenye ncha butu hupunguza sana tatizo hilo, basi ulizeni kama wanayo. Kulala chali kutwa nzima, jambo ambalo bado linasisitizwa kwenye wodi nyingi, hakuzuii kitu. Wajulisheni pia kama anameza dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. MRI imeshapigwa, na hilo ni jema, kwa sababu hakuna daktari makini anayechoma mgongo wa mtu mwenye tatizo la macho kabla ya kujua kama ndani ya kichwa kuna kitu kinachosukuma ubongo.

Sasa hao madaktari wawili. Kila mmoja ameshika nusu ya jibu.

Wa damu anawaza ugonjwa uitwao NMO, unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo. Hadi 2004 wengi waliuhesabu kuwa aina ya maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Mwaka huo ndipo ilipotambuliwa kingamwili yake, yaani protini ya kinga ya mwili, ambayo baadaye ilijulikana kuwa inashambulia protini ya akwaporini-4. Kingamwili hiyo, na nyingine iitwayo MOG, yenye ugonjwa wake unaofanana na NMO, hutafutwa kwenye damu, na huonekana vizuri zaidi huko kuliko kwenye maji ya mgongo. Sisi Waafrika tuna sababu ya kuitafuta, maana NMO hupata watu wenye asili ya Afrika zaidi ya Wazungu. Na si suala la jina tu: baadhi ya dawa za MS humzidishia hali mgonjwa wa NMO.

Lakini damu haiwezi kusema kama kinga ya mwili inapigana ndani ya mfumo wa neva wenyewe. Hapo ndipo maji yanapohitajika. Maabara huyaweka maji na damu ya mgonjwa huyo huyo, vilivyochukuliwa wakati mmoja, kwenye jeli moja, kisha huangalia mistari myembamba iitwayo bendi za oligoklona. Mistari iliyopo kwenye maji na isiyokuwapo kwenye damu imetengenezwa ndani. Wagonjwa wengi wa MS wanayo. Wa NMO na wa MOG wenye nayo ni wachache. Kwa hiyo mkipeleka maji bila chupa ya damu, mmelipia kipimo kisichosomeka. Nimeona familia ikichangisha pesa za kipimo hicho, kisha mtu anasahau kumtoa mgonjwa damu. Ulizeni mapema maji yatapelekwa wapi, na nani anachukua damu.

Bendi peke yake hazithibitishi MS. Kaswende, virusi vya ukimwi na kifua kikuu vinaweza kuzileta pia, na hapa Nairobi siwezi kuyapuuza hayo. Ndiyo maana kwenye maji hayo hayo nataka seli, protini, sukari na kipimo cha kaswende. Seli zihesabiwe hapo hapo ndani ya saa moja, kwa sababu hupasuka zikingoja. Kawaida hazizidi 5 kwa kila maikrolita. Kwenye MS hupanda kidogo na ni nadra kupita 50. Zikipita, nawaza NMO au maambukizi. Sukari ikiwa chini sana kuliko ya damu, nawaza kifua kikuu au kuvu.

(Kama mama Neema yuko kwenye dawa za kifua kikuu, mwambieni daktari leo: ethambutoli huharibu neva ya macho. Hata hivyo kwa kawaida hufifisha macho yote mawili bila maumivu.)

Kwa mgonjwa ambaye MRI yake ni safi na pesa ni za kubana, ningeanza na damu, mgongo ungoje. Kwa mke wako, mwenye madoa mawili, ningefanya vyote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa watu waliovimba neva ya jicho, ambao washiriki wake wengi walikuwa Wazungu, waliokuwa na doa moja au zaidi, asilimia 72 walipata MS ndani ya miaka 15; wasiokuwa na doa, asilimia 25. Bendi zikipatikana, vigezo vya kutambua MS vinaruhusu itambuliwe mapema bila kungoja shambulio la pili, mradi mengine yawe yametimia.

Utafiti huo huo ulionyesha kuwa vidonge vya prednisoni, dawa ya steroidi iliyo ndugu wa prednisoloni, vya dozi ya kawaida, vikitumiwa peke yake, viliongeza kurudi kwa uvimbe wa neva ya jicho. Msivinunue kwenye duka la dawa mtaani. Daktari akiamua kumpa methilprednisoloni ya mshipa, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku tatu, damu ya kingamwili itolewe kabla ya dripu ya kwanza, lakini matibabu yasingoje majibu ya bendi.

Jicho la pili likianza kufifia, miguu ikilegea, mkojo ukizuilika, au akipata kwikwi na kutapika kusikokoma, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura usiku huo huo, na mbebe picha za MRI zenyewe pamoja na ripoti.