Bango la sikukuu ya Wakhmer: muulize mwenye sikukuu kabla hujawasha kompyuta

Kijana mmoja wa Eldoret ameniandikia juzi. Amepata oda mtandaoni, mgahawa wa Wakhmer, yaani Wakambodia, kule California unataka bango la Mwaka Mpya wao wa Aprili. Kaweka picha ya Angkor Wat, lile hekalu lao la kale, kaweka fataki, kaandika kwa dhahabu. Mteja kasema "sawa" kisha kanyamaza, na hela haijaingia. "Bro, shida iko wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa kazini, lakini swali lake ni la wengi. Sisi madizaina tunaosaka oda za nje tuna ugonjwa mmoja: tunafungua programu kabla ya kufungua mdomo kuuliza.

Mimi naishi Lowell, Massachusetts. Ukiondoa Long Beach ya California, ni vigumu kupata mji wa Marekani wenye Wakhmer wengi kuliko huu. Wazee wao walifika hapa kwa wingi miaka ya 1980, baada ya mauaji ya utawala wa Khmer Rouge kule kwao, 1975 hadi 1979. Wakenya nasi tumo, tena wa kutosha kuwa na makanisa yetu na ugomvi wetu. Nilianza kazi kwenye duka la uchapaji nikikata karatasi na kubadilisha wino. Hiyo miaka siisimulii, haina utamu wowote.

Utamu ulianza siku dizaina wa duka hakutokea, na mzee mmoja akaja kutaka bango la Pchum Ben. Tukimwita Lok Ta, kama wanavyomwita wajukuu zake. Bosi akaniangalia, akasema kaa naye. Sikugusa kompyuta. Nilimuuliza tu, Lok Ta, siku hiyo mnafanya nini?

Akavuta kiti. Akaniambia ni siku kumi na tano za kuwakumbuka wafu, kati ya Septemba na Oktoba, kufuata mwezi. Watu wanarauka usiku wa manane, wengi wamevaa nyeupe, wanakwenda hekaluni na mabonge ya wali wa kunata yaliyochanganywa na ufuta. Wanalizunguka hekalu gizani wakiyarusha chini, kwa sababu roho zenye njaa zinaogopa mwanga, kukipambazuka hazili. Majina ya marehemu wa kila familia yanapelekwa kwa watawa wayasome. Alipofika hapo akanyamaza kidogo, nami sikumhimiza. Kwa umri wake, orodha yake ya majina haikuwa fupi.

Sasa niambie, fataki unaziweka wapi hapo? Mtu aliyekulia jirani na watu wa hitma anaelewa mara moja kwamba hii si sherehe ya maputo. Nilitengeneza usuli wa bluu nzito inayokaribia weusi, chini sinia la wali na vijiti vya ubani, na akina mama watatu wa mavazi meupe wakionekana kwa mgongo. Basi. Lok Ta alichukua nakala yake akaibandika nyumbani, si hekaluni tu. Tangu siku hiyo kamati za sikukuu zikawa zinaniulizia kwa jina, na bosi akanitoa kwenye mashine ya kukata. Nalisema kwa kujivuna, ndiyo, na sioni aibu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: muulize mwenye sikukuu. Ushauri wa pili ni huo huo.

Turudi kwa Mwaka Mpya, maana ndiyo oda inayokuja zaidi. Wakhmer wanaamini mwaka unaletwa na mmoja wa mabinti saba wa Kabil Maha Prum, mungu aliyeshindwa kitendawili na kijana mwerevu akapoteza kichwa chake. Mabinti ndio wanaopokezana kukitunza kichwa hicho, kila mmoja mwaka wake. Binti anayeshuka anategemea siku ya juma mwaka unapoingia, na kila mmoja ana mnyama wake, nguo zake, silaha zake na chakula chake. Mwaka 2024 uliingia Jumamosi, akaja Mahotara juu ya tausi. Mwaka 2025 ukaingia Jumatatu, akaja Koreak juu ya chui milia. Ukimchora binti wa tausi kwenye mwaka wa chui milia, bibi yeyote atakuona umenakili bango la mwaka jana, na atamwambia mwenye mgahawa. Hapo ndipo "sawa" ya mteja inapogeuka kimya. Angkor Wat haina kosa, iko hadi kwenye bendera yao, lakini ikikaa peke yake inasema tu kwamba hukuuliza chochote.

Halafu maandishi, jamani. Hapa ndipo watu wanapoumbuka. Herufi za Kikhmer zina herufi ndogo zinazoning'inia chini ya nyingine, na irabu nyingine zinakaa mbele, juu au pande zote mbili. Programu isipojua kuzipanga, zile za chini zinakimbilia pembeni na viduara vya nukta vinajitokeza katikati ya neno. Kwenye Photoshop na Illustrator nenda kwenye mipangilio ya aya uchague World-Ready Composer kabla ya kubandika neno lolote. Kichwa cha habari kipe fonti ya Moul, ile ya mviringo na minofu wanayoizoea kwenye mabango ya mahekalu. Usiitumie kwa maandishi madogo, inaziba. Maelezo yape Battambang. Zote mbili za bure. Mzee akikutumia maneno yakafunguka kama takataka za herufi za kizungu, ujue yaliandikwa kwa fonti za zamani za Limon, kabla ya Unicode, mfumo wa sasa unaofanya herufi zisomeke sawa kwenye kila kompyuta. Mwombe mjukuu wake ayaandike upya.

Na Kikhmer hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Kompyuta ikikata mstari inaweza kulichana neno katikati, na wewe hutajua. Mimi huprinti rasimu kwenye karatasi ya kawaida, nampa Lok Ta kalamu nyekundu, anapiga vistari panaporuhusiwa kukata. Kwenye skrini hasomi vizuri, kwenye karatasi hakuna kinachompita.

Mambo mengine ayajue anayetaka kazi hizi. Sikukuu ya maji, Bon Om Touk, aghalabu ni ya Novemba, mto Tonle Sap unapogeuza mkondo na mashua ndefu zinashindana mbele ya ikulu ya mfalme kule Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Hapa Lowell tunayo yetu ya Agosti kwenye mto Merrimack tangu 1997. Chora mashua, chora makasia, chora mwezi mpevu. Usichore daraja lililojaa watu: mwaka 2010 zaidi ya watu 340 walikufa katika mkanyagano kwenye daraja la Koh Pich, huko huko Phnom Penh, usiku wa sikukuu hiyo, na familia zao zinaliona bango lako.

Jingine ni Uthai, nchi jirani na Kambodia. Sitaki siasa, lakini ukitafuta picha za bure mtandaoni unaletewa mapaa ya mahekalu ya Bangkok na wachezaji wa Kithai, na mteja wako Mkhmer anayajua kwa jicho moja. Baada ya mapigano ya mpakani ya Julai 2025 ndiyo usijaribu kabisa.

Hili lina kidonda changu. Kamati moja, siitaji, ilichukua faili langu la bango la sikukuu ya maji, nililolichora mashua kwa mkono hadi nakshi za omo, ikampa kijana mwingine "alichangamshe". Akaondoa mashua, akaweka paa la Kithai la dhahabu alilolipata kwenye tempuleti, akafuta jina langu pembeni. Watu walipolalamika, kamati ikasema dizaina ni yule Mkenya. Niliambiwa na muuza mboga, si na wao. Bado linaniuma, na nikikutana na mwenyekiti wao barabarani namsalimia kwa kichwa tu.

Ndiyo maana siku hizi nawahubiria vijana: usitoe faili la kuhariri, toa la kuchapa tu. Chukua nusu ya malipo kwanza. Mchezo wa "nitakulipa baada ya sherehe" uachie wenye mishahara. Heshimu mila za watu, lakini na wewe jiheshimu. Na uliza, uliza tena, uliza hadi wakuchoke.

Nembo za wafadhili zitakuja usiku wa kuamkia siku ya kuchapa: sonara, daktari wa meno, wakala wa bima, migahawa, na kila mmoja anataka yake iwe kubwa. Watengee ukanda wa chini mapema, wote saizi moja, na uandike kwenye makubaliano kwamba nembo inayochelewa ina bei yake.