Mwanangu, kesho usipande baiskeli

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema leo ni siku ya 11 hujalala mahali pamoja usiku mbili. Goti la kushoto linauma kwa mbele ukipanda mlima, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, na jana ulikaa kando ya barabara ukalia kwa sababu ya pancha, wewe ambaye pancha huziba huku ukiimba. Halafu unaniuliza: "Baba, nikilala siku nzima bila kusonga, si nitakuwa nimeivunja safari?"

Hapana, hujaivunja. Kesho usipande baiskeli.

Kilio hicho cha pancha ndicho kilichonishtua kuliko goti. Mtu aliyechoka kawaida hukasirika akaziba tairi akaendelea. Wewe umeishiwa, na aliyeishiwa hajui kwamba ameishiwa, maana kichwa anachokitumia kujipima nacho kimechoka. Wanaosafiri wawili watatu huangaliana usoni, mmoja akisema basi, wote wanashuka. Wewe uko peke yako, kwa hiyo niruhusu niseme mimi.

Misuli haijengeki wakati unakanyaga pedali. Inajengeka baadaye, ukiwa umelala na umeshiba. Ile akiba ya wanga iliyomo ndani ya misuli, glikojeni, ikishatumika yote huchukua takriban saa 24 za kula vizuri ndipo ijae tena. Wewe huipa usiku mmoja na chakula cha haraka, kukicha unaidai upya. Siku tatu nne mwili unavumilia. Siku ya 11 unakopa usichoweza kulipa. Jipime hivi: kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Ukiona asubuhi kadhaa mfululizo yako juu ya kawaida yako, mwili haujarudi.

Kuhusu vidole, ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Usukani unaubana saa nyingi. Ukiupumzisha mapema ganzi huisha, ukiulazimisha inaweza kukaa wiki na wiki. Na goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno au unasukuma gia nzito. Pandisha kiti milimita chache tu, usizidishe, na mlimani tumia gia nyepesi hata kama unajiona unatambaa. Mimi goti langu nililifunga kitambaa nikaendelea, safari ile ya kabla hujazaliwa. Siku mbili baadaye nilipandishwa kwenye lori, mimi na baiskeli yangu, na hadi leo nikishuka ngazi nalikumbuka.

Unaogopa kwamba kusimama ni kushindwa. Sasa tazama: waendeshaji wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, wana wapishi, wakandaji na mafundi nyuma yao, na bado katika wiki zao tatu huwekewa siku za mapumziko. Mashindano ya kwanza, mwaka 1903, yalikuwa na hatua 6 tu kati ya tarehe 1 na 19 Julai, kwa jumla ya kilomita 2,428, na baina ya hatua na hatua walipumzika. Na Thomas Stevens, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa mbele kati ya 1884 na 1886, majira ya baridi yalipomkuta Uajemi alikaa Tehran mpaka yakaisha. Safari yake haikuvunjika, na yeye hakusimama siku moja, alisimama msimu mzima.

Lala hapo usiku mbili, si mmoja. Ukipumzika mchana ukaondoka jioni, siku nzima utaishi na mizigo kichwani. Tafuta penye paa, maji ya kuogea na mlango unaofungika. Fua nguo, hasa kaptula ya kuendeshea, uikaushe vizuri juani, maana vipele vya makalioni huanzia kwenye jasho lililolala. Baiskeli ipe saa moja tu, alasiri. Pitisha kidole taratibu ndani ya tairi ukitafuta kipande cha kioo au waya, pengine ndicho kilichokuliza jana. Pima mnyororo kwa rula: viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, vikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe kabla haujaanza kula meno ya gia. Basi, iache.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Kwa msafiri wa peke yake, siku ya kupumzika inaweza kuwa nzito kuliko siku ya mlima. Ukiwa barabarani, kila saa ina kazi yake: kilima, upepo, maji, pa kulala. Ukisimama, saa nne asubuhi umeshaoga, umeshakula, na siku bado nzima mbele yako. Hapo ndipo upweke unapobisha hodi, na maswali uliyoyaacha nyuma kwa kasi yanakufikia. Utatamani kufunga mizigo adhuhuri ile ile, au utaanza kujiuliza kwa nini ulitoka nyumbani. Mwanangu, usiamue lolote kuhusu safari siku hiyo. Yaache yaje, yaandike kwa mkono, kisha toka taratibu kwa miguu ukakae penye watu. Zungumza na mtu kwa sauti, hata kama ni kumuuliza saa. Siku kadhaa zimepita sauti yako inasikika na upepo tu.

Ukirudi, lala tena mchana bila kuona haya. Na keshokutwa asubuhi, kabla hujaondoka, panda ngazi yoyote iliyo karibu ulisikilize hilo goti. Likiuma bado, kaa siku ya pili, unipigie. Hata iwe usiku wa manane, nitapokea.

Baba yako