Kabla Hujanunua Betri Nyingine ya Trekta, Shika Mita

Msimu mmoja wa mpunga hapa Mbarali nilinunua betri mbili ndani ya miezi minne, na ile niliyoanza nayo haikuwa na ubovu wowote. Trekta langu ni dogo, silinda tatu, linavuta rotaveta, ile mashine ya kuvuruga udongo, kwenye majaruba. Asubuhi linawaka vizuri. Jioni nikilizima ili tuhamie shamba lingine, stata inalia "tik" mara moja, basi. Na kusukuma trekta lililozama kwenye tope haiwezekani. Kila fundi aliyekuja alisema lilelile: betri imekufa.

Nawaandikia wenzangu mnaotafuta riziki kwa trekta, kwa sababu zamu ya maji ya mfereji haimsubiri mtu. Ukisimama siku mbili, jirani kashavuruga na kupanda, wewe bado unatafuta fundi.

Nunua mita ya kupimia umeme, hata ile ndogo ya duka la vifaa vya umeme. Pima betri asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ukiona volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. 12.4 bado inafaa. Ikisoma 12 kamili, imebaki na kidogo sana. Sasa washa injini, vuta mafuta hadi kasi ya kazi, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri. Chaji ikiwa inaingia, namba itapanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, hata ukifunga betri mpya itaisha tu kama ya zamani. Ikipita 15, katauti, yaani kile kifaa kinachodhibiti chaji inayoingia kwenye betri, imeharibika na utakuwa unaongeza maji ya betri kila mara.

Langu lilisoma 12.3 na halikusogea hata mafuta yalipofika mwisho.

Hapa nawasihi sana: msikubali fundi achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, eti aone kama chaji ipo. Tabia hii imeenea, na inaweza kuua katauti isiyo na ubovu. Mita inakupa jibu lilelile bila kuharibu kitu.

Anza na vitu vya wazi. Bonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba. Ukizama sana, unateleza. Safisha ule ukoga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye magadi. Angalia fyuzi. Mimi nilifanya yote hayo, hakuna kilichobadilika.

Trekta nyingi ndogo hazina altaneta kama ya gari. Zina dainamo inayotoa waya mbili za rangi moja, zinaingia kwenye katauti iliyofungwa pembeni kwenye bodi. Chomoa soketi ya waya hizo, weka mita kwenye AC (umeme wa mkondo geu), washa injini kwa kasi ya kazi. Kwangu ilisoma zaidi ya volti 20. Hapo nilijua dainamo ni nzima, shida iko mbele yake.

Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye ganda la katauti, nyingine kwenye hasi ya betri, soketi ikiwa imerudishwa na injini inawaka. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma volti kadhaa. Nikafungua bolti mbili za katauti, na chini yake nikakuta rangi. Rangi nzuri, nyekundu, inang'aa. Kabla ya msimu tulikuwa tumelipaka trekta rangi upya, na katauti ikafungwa juu ya rangi hiyo. Katauti ya aina hii inapata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia ganda lake, na rangi haipitishi umeme.

Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga, nikaongeza waya mmoja kutoka kwenye bolti hadi hasi ya betri. Nikawasha: 14.1. Nilikaa nikiitazama ile namba kwa muda mrefu.

Kama lako lina altaneta, angalia taa ya chaji unapofungua swichi kabla ya kuwasha. Isipowaka kabisa, inawezekana balbu imeungua, na kwenye mashine nyingi altaneta haianzi kuchaji bila umeme unaopitia balbu hiyo. Taa ikiwa sawa na bado hakuna chaji, hapo ndipo fundi umeme afungue aangalie kaboni, zile brashi za ndani ya altaneta.

Betri nayo huzeeka, sikatai. Ichaji ijae, kisha mtu apige stata huku wewe unapima. Ikiporomoka chini ya 9.6 kwenye vichwa vya betri vyenyewe, imechoka. Hilo nalo lipime kabla hujatoa hela.

Betri yangu ya kwanza nilimpa kijana wa jirani, nikiamini imekufa. Aliipeleka kuchajiwa, na mpaka leo inamuwashia taa na redio nyumbani.