Krediti 60 zimepokelewa, 19 hazihesabiki kwenye Biolojia: jibu langu kwa dada wa Houston

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Swali lako nimelisoma mara mbili, na usiku nikakosa usingizi kwa sababu yake, maana nilishakaa kwenye kiti hicho hicho.

Kwa wanaoingia sasa: dada anasema ana krediti 60 (vipimo vya kozi alizomaliza) kutoka chuo cha jamii cha miaka miwili hapa Texas. Alikuwa anakusanya kozi tangulizi za uuguzi, nafasi ya uuguzi haikupatikana, sasa anataka shahada ya Biolojia chuo kikuu cha umma. Krediti zote 60 zimepokelewa, lakini karatasi ya ukaguzi wa shahada imehesabu 41 tu, bado 79 kufika 120 za shahada nzima. Anauliza zile 19 zimekwenda wapi, na kama aanze upya kitu kingine.

Usianze upya, dada. Na hizo 19 hazijaibiwa na mtu.

Kupokelewa ni jambo moja, kuhesabiwa kwenye shahada ni jambo jingine. Ni kama umeletewa mabati kiwanjani wakati fundi anangoja matofali. Mali ni yako, ipo, ila ukuta haupandi. Nilipokuwa nahama, mshauri wa masomo wa chuo changu cha kwanza aliniambia, "Zote zitahamia." Zikahamia kweli. Mimi sikujua kuuliza zinahamia kwenda kukaa wapi. Nilikuwa na 63, na nilipofungua ile karatasi kwenye simu, nimekaa kwenye gari nje ya nyumba ya wazee nikisubiri zamu ya usiku, nilikuta safu nzima chini kabisa imeandikwa kwamba ni krediti za hiari zilizozidi. Nililia, sioni aibu kulisema. Zile zilikuwa saa zangu za kubeba boksi, nimezilipia kozi moja moja.

Sasa tazama namba za kozi ulizoorodhesha. Texas ina mfumo wa namba za pamoja kwa kozi za miaka miwili ya mwanzo. Tarakimu ya kwanza ni ngazi, ya pili ni idadi ya krediti, mbili za mwisho ndizo kozi yenyewe. BIOL 1406, kwa mfano, ni ya mwaka wa kwanza, krediti 4. Hiyo umeisoma, na imehesabiwa. Zilizoanguka ni BIOL 2401 na 2402 (anatomia na fiziolojia), BIOL 2420 (mikrobiolojia), BIOL 1322 (lishe) na CHEM 1405. Jumlisha: 4, 4, 4, 3, 4. Hizo ndizo 19 zako.

Zimeanguka kwa sababu zina mapacha wasiofanana. CHEM 1405 ni kemia ya utangulizi kwa wasiochukua sayansi, ya Biolojia ni CHEM 1411. BIOL 2420 ni mikrobiolojia ya wauguzi na wenzao, ya wanasayansi ni 2421. Anatomia na fiziolojia mara nyingi idara ya Biolojia inayo ya kwake, ya ngazi ya juu, inayoanza na 3 au 4, kwa hiyo ile ya kwako wanaitupa kwenye hiari. Jina la kozi linafanana kabisa, lakini chuo kikuu hawaangalii jina, wanaangalia namba.

Ila nikuambie kitu ambacho ningeambiwa mimi mapema ningeokoa karibu mwaka: acha kuhesabu krediti, hesabu kemia. Shahada ya Biolojia ina mnyororo. CHEM 1411 ndiyo inafungua 1412. 1412 inafungua kemia oganiki ya kwanza, 2423. Hiyo inafungua ya pili, 2425. Ndipo biokemia. Kozi tano, kila moja inamngoja mwenzake, huwezi kuchukua mbili kwa pamoja. Ukienda kwa mihula ya kawaida ni miaka miwili na nusu, hata kama una krediti 100 mkononi. Mimi niliahirisha kemia kwa woga. Kwetu Tanga niliachana nayo kidato cha pili, nikajiambia nitaimaliza mwishoni. Matokeo yake nilifika chuo kikuu kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye karatasi, lakini darasani nimekaa na watoto wa mwaka wa kwanza, na kozi zote nzuri nilizokuwa nazitamani zimefungwa, zinadai kemia.

Kwa hiyo kama hujajiandikisha muhula ujao, CHEM 1411 iingie kwanza, kabla ya kitu chochote. Mimi niliisoma kiangazi, huko huko chuo cha jamii ambako ada ni nafuu: 1411 wiki tano, nikaunganisha 1412 wiki tano nyingine. Maabara Jumatatu hadi Alhamisi mchana, kazini usiku. Nilipata B ya kwanza na C ya pili. Simshauri mwenye watoto wadogo afanye hivyo. Lakini muhula mzima niliuokoa. Kabla ya kulipa, omba idhini ya chuo kikuu kwa maandishi, barua pepe inatosha, ukitaja namba ya kozi. Maneno ya dirishani hayana stakabadhi. Na hakikisha unapata C au zaidi, kwa sababu idara nyingi hazihesabu D kwenye kozi za Biolojia yenyewe hata kama chuo kimeipokea.

Kemia oganiki nayo unaweza kuisoma chuo cha jamii, ila uliza kwanza. Kuna vyuo vikuu vinavyoipa namba ya ngazi ya juu. Hapo ya kwako, yenye namba inayoanza na 2, inaweza kukufungulia biokemia bila kukupunguzia idadi ya krediti za ngazi ya juu unazodaiwa.

Kuhusu rufaa: ipo, inaitwa ombi la kubadilishiwa kozi, na inapelekwa idarani, si kwa msajili. Lakini chagua vita yako. Kwenye 2401 na 2402 nilijaribu, nikakataliwa mara mbili. Kwenye mikrobiolojia nilishinda. Nilipeleka silabasi ya muhula ule ule niliosoma, ratiba ya maabara, na daftari langu la maabara ambalo mke wangu alikuwa ameshataka kulitupa. Profesa silabasi aliipitia juu juu, akafungua daftari. Ukurasa wa kupaka rangi ya Gram (njia ya kutofautisha bakteria kwa rangi) ulikuwa na doa la zambarau pembeni, ile rangi ya kwanza ambayo haitoki hata kwenye kucha. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa penseli kwamba bakteria wangu wa E. coli wametoka zambarau badala ya waridi, na kwamba nadhani sikuwaosha vya kutosha kwa alkoholi. Akaniuliza nilifanya nini baada ya hapo. Nikamwambia nilipaka upya slaidi nyingine, nikaiosha mpaka maji yakatoka meupe, ikawa waridi. Akasaini. Krediti 4 zikapanda kutoka hiari kwenda kwenye shahada. Kwa hiyo kama una madaftari yako, usiyatupe, na silabasi iombe sasa hivi kabla mwalimu hajahama.

Umetaja pia kwamba umebakiza kozi moja ya somo la serikali na utawala ili umalize kozi za msingi, zile za lazima kwa kila mwanafunzi. Imalize huko huko kabla hujahama. Msingi wa Texas ni krediti 42, na ukiumaliza wote na transkripti (orodha rasmi ya kozi na alama zako) ikaandikwa hivyo, chuo kikuu cha umma hapa Texas kinalazimika kuupokea bunda zima badala ya msingi wao. Ukienda nao nusu, wanaupima kozi kwa kozi. Baada ya hapo usirundike kozi nyingine za ngazi ya chini, zinazoanza na 1 au 2, kwa sababu chuo kikuu hakilazimiki kuchukua zaidi ya krediti 66 za ngazi hiyo. Na angalau robo ya shahada, yaani 30 kati ya 120, lazima uisomee kwa hao wanaokupa cheti.

Mkopo na ruzuku za serikali kuu: krediti zilizopokelewa zinaingia kwenye hesabu ya ulizojaribu, na vyuo vingi huhesabu hata hizo 19. Kikomo cha kuendelea kupata msaada huo ni asilimia 150 ya urefu wa programu, kwa shahada ya 120 ni 180. Wewe una 60, ukiongeza 79 unafika 139, kwa hiyo uko salama ukiacha kurudiarudia kozi.

Sasa fanya hivi, dada. Andika hapa kozi zako zote, namba na alama, pamoja na kozi ambazo idara inadai. Jina lako na namba ya mwanafunzi futa kabisa, hapa tunasomwa na wengi. Jumapili sina zamu, nitakaa nikuchoree mnyororo muhula kwa muhula, kuanzia CHEM 1411.