Wakristo tunafurahi lini?

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, na nimelala nayo siku tatu. Unaniambia mwanao wa kati, siku ya Idi, aliwaona watoto wa jirani wamevaa nguo mpya wanakwenda viwanjani, akakuuliza: “Mama, na sisi Wakristo tunafurahi lini?” Ukakosa la kumjibu, ukaniuliza mimi.

Nikwambie kweli: jibu hukuwa nalo kwa sababu mimi sikukupa. Ulipokuwa mdogo, jina la Mungu nililishika kama bakora. Ukicheka kwenye sala, “Mungu anakuona.” Ukivunja sahani, “Mungu anakuona.” Sikukwambia hata siku moja kwamba anakuona unaporuka kamba, na anapendezwa.

Unakumbuka tulivyokwenda kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, una miaka saba? Kanisa lile lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama palepale sokoni. Mle ndani zimo nguzo za marumaru zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha. Wewe uliposikia hayo uliinama, ukachungulia katikati ya miguu yako ili uzione zimekaa sawa. Nikakufinya. Ukanyamaza mpaka tulipofika nyumbani. Mwanangu, siku ile ilinipasa niiname na mimi.

Bibi yako ndiye aliyejua. Baada ya sala ya jioni alikuwa akishuka barazani, anachimba kishimo kwenye mchanga, mdomo wake kama kikombe cha kahawa, anatia vijiwe kumi na viwili: mdako. Kila kijiwe alikipa jina la mtume. Anarusha kete juu, mkono uleule unakokota vijiwe nje ya shimo, kisha unaidaka kete kabla haijaanguka. Petro alikuwa mkubwa, mzito kuvuta. Yuda alikuwa kile cheusi, na nyote mlipiga kelele kila alipobaki peke yake shimoni. Mitume mliwajua wote kabla hamjaanza skuli, na hakuna aliyewahi kukukalisha kitako ukawakariri.

Basi mjibu mwanao hivi: tunafurahi leo. Krismasi na Pasaka zina furaha yake, lakini mtoto hawezi kuambiwa asubiri miezi minane. Msomee Zekaria 8, mstari wa 5. Mungu anaahidi kuuponya mji uliobomolewa, na miongoni mwa dalili za uponyaji anataja wavulana na wasichana wakicheza njiani. Mimi nimeupita mstari ule mara nyingi bila kusimama.

Na Idi ikija, waache watoke na wenzao. Wavishe vizuri, wapeni chochote cha kununulia ubuyu na aiskrimu. Furaha ya jirani haiwapunguzii imani yao. Krismasi nawe watume na sahani za biriani nyumba hizo hizo, wabebe wenyewe, na watoto wa jirani waje wacheze uani kwako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa hapa Mbweni.

Sala za usiku zifupishe. Mdogo akisinzia, mbebe ukamlaze. Akimshukuru Mungu kwa paka, itikia amina kwa sauti, usimsahihishe.

Skuli zikifungwa niletee wote watatu. Angalia mwezi: waje siku za bamvu, maji yakipwa mbali, niwapeleke pwani wakatafute kaa na viti vya pweza. Nguo za kuchafuka ziwe nyingi. Mkunazini nao tutakwenda, na safari hii tutainama sote wanne, magoti yangu yakikubali. Kijiwe cheusi cha bibi yako bado ninacho. Vingine kumi na kimoja mwambie wa kati aviokote huko Weti, na Petro amchague mwenyewe.

Mama yako