Kifua kikuu: mgonjwa tunampotezea wapi?

Dawa za kifua kikuu zipo miaka mingi, na nchi nyingi huzitoa bure. Kwa nini watu bado wanakufa?

Kwa sababu dawa haiwezi kumfikia mtu ambaye hajagundulika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua, lakini waliogunduliwa na kuandikishwa walikuwa milioni 8.2. Waliobaki ama hawakufika kituoni, ama walifika tukawaachia waondoke. Hao wa pili ndio wanaoniuma zaidi. Mtu amekohoa wiki mbili, akanunua dawa ya maji dukani. Kikohozi hakikwisha, akaenda zahanati, akapewa antibayotiki na kuambiwa arudi asipopata nafuu. Aliporudi aliambiwa alete makohozi. Akaleta, akaambiwa majibu ni wiki ijayo. Kila safari kati ya hizo ni siku ya kibarua iliyopotea, na wakati wote huo waliolala naye chumba kimoja wanavuta hewa ile ile. Akikata tamaa hapo, sioni kwa haki gani tutasema amepuuza afya yake.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Hatuna mashine ya kupimia kifua kikuu, na hadubini yetu ni ya zamani. Tuanzie wapi?

Anzieni mlangoni, mwenzangu. Kila mtu mzima anayeingia, hata kama kilichomleta ni malaria au mtoto wa kupimwa uzito, aulizwe mambo manne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Hilo halihitaji umeme wala semina.

Kisha isafiri sampuli, asisafiri mgonjwa. Hadubini huona vimelea vikiwa vimefika maelfu katika mililita moja ya makohozi, ndiyo maana huwakosa watoto wengi na watu wanaoishi na VVU. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi na papo hapo huonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa ambayo ndiyo mhimili wa matibabu. Lakini saa hizo mbili ni za mashine tu. Sampuli ikikaa siku nne ikisubiri usafiri, na majibu yakikaa wiki nzima kwenye droo, mgonjwa hajafaidika na kasi hiyo. Kwa hiyo uongozi wa wilaya ukiomba mashine, uombe pamoja nayo pikipiki ya kukusanya sampuli kwa ratiba inayojulikana, fungu la matengenezo, na mtu mmoja mwenye jukumu la kupiga simu majibu yakitoka.

Wagonjwa wetu wanaacha dawa wakishapata nafuu. Tuwalazimishe kuja kumeza kituoni kila siku?

Hapana. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Nafuu huja mapema, na hapo ndipo nauli ya kila siku inapoanza kuonekana kama hasara. Karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu hutumia au kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato cha mwaka kwa sababu ya ugonjwa huu. Kumlazimisha mtu wa namna hiyo kuja kila siku ni kumsukuma aache. Anayemsimamia akimeza dawa anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua.

Tena kabla ya kumlaumu, fungueni leja ya stoo. Dawa zilikuwepo siku zote alizokuja? Dkt. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, alipofanya kazi na Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango wa matibabu waliouandaa na uliokuja kuigwa duniani miaka ya 1990 ulisimama juu ya dawa zisizokatika, rejista inayomfuata kila mgonjwa hadi mwisho, na ripoti ya kila robo mwaka. Kumsimamia mtu ameze kulikuwa sehemu moja tu ya mpango huo.

Shemeji yangu ana kifua kikuu. Mwanawe wa miaka mitatu hakohoi na alichanjwa BCG. Ana haja ya kupelekwa kituoni?

Ndiyo, wiki hii hii. BCG huwakinga watoto wadogo dhidi ya aina kali za ugonjwa, lakini haizuii kila maambukizi. Akikutwa hana ugonjwa, apewe dawa za kinga. Akionekana mgonjwa na hawezi kutoa makohozi, kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, na hata kipimo kisipoonyesha kitu daktari anaweza kuanza matibabu kwa kuangalia dalili na historia ya nyumbani.

Kumpa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake chakula ni kazi ya wizara ya afya kweli?

Naamini ni kazi yake. Utafiti uliofanyika Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kuwapa chakula watu wanaoishi na mgonjwa kulipunguza ugonjwa mpya kati yao kwa takriban asilimia 40. Ingekuwa chanjo, tungeinunua.

Wilaya yetu imeripoti kuwa asilimia 95 ya wagonjwa wamemaliza matibabu vizuri. Tumefaulu?

Hongereni kwa hao. Ila asilimia hiyo inawahesabu walioanza dawa pekee. Chukueni rejista ya maabara ya miezi mitatu iliyopita, muilinganishe na ya matibabu, jina kwa jina. Kila aliyeonekana maabara na haonekani kwenye matibabu, mtu aende kwake wiki hiyo. Mkifika mkikuta amehama au amefariki, andikeni hivyo hivyo, na kituo kisiadhibiwe kwa kuandika ukweli, la sivyo robo ijayo mtaletewa takwimu nzuri zilizowaacha wagonjwa nje.