Nembo ya korosho imeota ukungu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina steshenari hapa Masasi. Mama mmoja anayeuza korosho za kukaanga alinitumia nembo yake kwa WhatsApp: bibo jekundu, korosho inaning'inia chini. Kwenye simu inapendeza, ila kwenye bango la mita 2 imetoka na ukungu. Mmoja ananiambia nitumie Photoshop, mwingine CorelDRAW. Si zote ni za kuhariri picha? – Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukungu huo naujua. Hapa Mtwara mjini niliwahi kurudishiwa bango la namna hiyo hata halijatundikwa, na hela ya turubai ikawa yangu.

Photoshop, na GIMP ambayo ni ya bure, kazi yao hasa ni picha za nukta, yaani pikseli. Tuseme nembo hiyo ina nukta 600 kwa upana. Itandaze kwenye mita 2: kila nukta inazidi milimita 3, punje ya mtama kabisa! Programu inajaza rangi za kubahatisha katikati, na huo ndio ukungu wako.

CorelDRAW na Inkscape hazihifadhi nukta, zinahifadhi mistari: anzia hapa, pinda hivi, ndani jaza nyekundu. Ukikuza, hesabu inapigwa upya, ukingo unabaki mkali hata ukilifunika gari zima.

Kwa hiyo usinunue kitu. Pakua Inkscape, ni bure. Weka nembo chini, ifunge isisogee, uifuatishe juu yake kwa kalamu ya humo kwenye programu. Ipo amri ya kufuatisha yenyewe, lakini kwa picha iliyobanwa na WhatsApp utapata bibo lililotafunwa na panya. Herufi zigeuze kuwa mistari kabla ya kupeleka PDF, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti yako, yaani mtindo wako wa herufi, huenda ikakuwekea nyingine.

Photoshop itakufaa mama akitaka na sura yake bangoni, maana hiyo ni fotografia. Lightroom na darktable waachie wapiga picha wa harusi: hazigusi picha asili, zinaandika tu maelekezo ya kuirekebisha, na unaweza kuyanakili kwenye picha 400 kwa mpigo.

Ila kabla hujashika kalamu, mpigie mama umuulize nani alimchorea. Huenda faili la CDR, yaani la CorelDRAW, limekaa kwenye kompyuta ya jirani yako hapo hapo Masasi.